Kitabu Chenye Kufuli: Msomaji wa Kalokol na Riwaya za Bei ya Chini

Ni jambo lisilopingika kwamba teknolojia ya kielektroniki imebadili kwa kiasi kikubwa namna kazi ya fasihi inavyomfikia msomaji wake. Kauli hii imerudiwa katika makongamano ya Kiswahili kwa zaidi ya miongo miwili, kiasi kwamba msikilizaji aweza kuikamilisha kabla ya msemaji. Kisichoulizwa mara nyingi ni swali la pili: kitabu hicho kikishamfikia msomaji, na kikishalipiwa, huwa ni cha nani? Wengi wangependa kuliacha swali hili mikononi mwa wanasheria. Hata hivyo, ni swali la wanafasihi kabla ya kuwa la wanasheria, kwa kuwa linagusa uhai wa matini yenyewe, na taathira zake huonekana bayana zaidi pale ambapo vitabu ni haba.

Kalokol ni mahali pa aina hiyo. Ni mji mdogo wa wavuvi katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar, na Lodwar yenyewe iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi kwa barabara. Kitabu kinachosafiri umbali huo huwa, aghalabu, kitabu cha kiada au kitabu teule cha mtihani. Riwaya ya kusomwa kwa raha tu haina msafirishaji. Mwenye hamu nayo hana budi kumwagiza jamaa anayerudi likizo, au kusubiri nakala iliyokwisha kupita mikononi mwa watu kumi, jalada likiwa limeng'oka na kurasa za mwisho hazipo.

Kwa msomaji wa namna hiyo, punguzo la bei ya vitabu vya kielektroniki ni mithili ya mvua wakati wa kiangazi. Maduka makubwa ya mtandaoni hushusha bei ya vitabu fulani kwa siku moja au kwa wiki moja, na riwaya za kifantasia hazikosekani katika orodha hizo. Sababu yake ni ya kibiashara. Riwaya hizi huandikwa kwa mfululizo, juzuu tatu, saba, hata kumi na zaidi, na mchapishaji hukubali kuuza juzuu ya kwanza kwa dola 1.99 akijua kwamba atakayenaswa na kisa atazilipia zilizosalia kwa bei kamili. Kwa kiwango cha mwaka 2025, dola 1.99 ni takriban shilingi 260 za Kenya. Bei hiyo haimtishi mwalimu.

Inafaa kusema neno kuhusu utanzu wenyewe, kwa maana wapo wanaouona kama maradhi ya vijana yaliyoletwa na filamu za kigeni. Yaelekea wanaosema hivyo wamesahau walichokisoma wao wenyewe. Alfu Lela Ulela ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1920 na ikalea vizazi. Shaaban Robert aliwageuza ndugu wa Adili kuwa manyani bila kumwomba msomaji radhi. Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Katama Mkangi katika Walenisi (1995), Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) wote walivuka mpaka wa uhalisia kwa makusudi. Aliyekua akisikiliza ngano za mazimwi hahitaji kufundishwa namna ya kusoma kisa cha joka linalolinda hazina. Msomaji wa Kalokol anayenunua fantasia ya Kiingereza kwa bei ya chini hajaiacha fasihi yake. Anakifuata kitu anachokijua, mahali ambapo kimeshushwa bei.

Chukulia, kwa mfano, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya eneo hilo ambaye amepata Kindle iliyokwisha kutumika kutoka kwa rafiki. Jambo la kwanza atakalogundua ni kwamba punguzo alilolisikia si lake. Haki za kuuza kitabu kimoja cha Kiingereza hugawanywa mara nyingi baina ya mchapishaji wa Marekani na yule wa Uingereza, na kwa desturi huyu wa pili hupewa pia nchi za Jumuiya ya Madola. Riwaya iliyotangazwa huko New York kwa dola mbili yaweza kuonekana Kalokol kwa bei mara nne au tano ya hiyo, au isionekane kabisa. Kuhusu malipo, ugumu umepungua: tangu mwaka 2022 mteja wa M-Pesa aweza kujipatia kadi pepe ya Visa kutoka katika simu yake na kununua kwa wauzaji wa ng'ambo. Siku moja, basi, bei inaangukia upande wake, analipa, na kitabu kinaingia. Hapo ndipo kadhia yenyewe inapoanza.

Kitabu hicho huja katika muundo wa faili ulio wa Amazon pekee, kimefungwa kwa ufunguo unaoitambua akaunti yake na kifaa chake. Mwenzake wa Lodwar mwenye Kobo husoma faili za EPUB, na zile zinazouzwa zikiwa zimefungwa hutumia mara nyingi mfumo wa kampuni ya Adobe, ambao nao hudai utambulisho wake. Kitabu kilichonunuliwa Apple kina kufuli lake la tatu. Kwa hiyo vifaa vitatu vinavyoweza kukaa juu ya meza moja, vyote vikiwa na uwezo wa kuonyesha herufi zile zile, haviwezi kupokezana riwaya moja iliyolipiwa kihalali. Si tatizo la miundo ya faili, kama inavyodhaniwa. Programu ya Calibre, iliyoanza mwaka 2006 na inayotolewa bure, hugeuza faili kutoka muundo mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi. Tangu 2022 hata Amazon huwapokelea wateja wake faili za EPUB wanazotaka kuzisoma katika Kindle. Faili lililo wazi hupita. Lenye kufuli husimama mlangoni. Aidha, kufuli hilo si sharti la maumbile: mwandishi anayejichapishia kazi yake Amazon huulizwa kama analitaka au halitaki.

Watetezi wa mfumo huu husema kwamba mnunuzi hakunyang'anywa kitu, kwani kitabu anacho. Historia fupi ya biashara hii inasema vingine. Mnamo Julai 2009 wateja wa Amazon waliamka na kukuta riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, zimefutwa katika vifaa vyao kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Walirudishiwa fedha na baadaye wakaombwa radhi. Lakini walikuwa wamekwisha kuona kwamba muuzaji anao mkono unaofika hadi rafuni mwao. Sony ilifunga duka lake la vitabu Marekani mwaka 2014 na kuwakabidhi wateja wake kwa Kobo. Microsoft ilifunga lake mwaka 2019, vitabu vikatoweka, fedha zikarudishwa. Aliyekuwa ameandika maoni pembeni mwa kurasa alirudishiwa bei na kuongezewa dola 25. Ndiyo maana jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi pale anapopata leseni tu badala ya kumiliki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakuwahi kuiona nguo ya kuazima inayouzwa dukani kwa jina la nguo ya kununua.

Badiliko lililomgusa zaidi msomaji wa pembezoni lilipita bila kelele nyingi. Hadi Februari 2025, mteja wa Amazon aliweza kupakua kitabu chake katika tarakilishi na kukihamishia katika Kindle kwa waya wa USB. Tarehe 26 ya mwezi huo njia hiyo ilifungwa. Kwa mkaazi wa Seattle aliye na intaneti isiyokatika, hilo ni jambo la kupuuza. Kwa mwalimu aliyezoea kwenda Lodwar mwisho wa mwezi, akalipia saa moja ya tarakilishi, akapakua vitabu vyake na kuvirudisha Kalokol katika waya, ni kukatiwa barabara. Sasa kifaa chenyewe lazima kifikie mtandao, kwa masharti ya mwenye duka.

Kalokol ina kumbukumbu ya kitu kama hiki, ingawa si cha vitabu. Mapema katika miaka ya 1980 kilikamilishwa hapo kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Kilikuwa kiwanda cha kisasa, na kilifanya kazi kwa siku chache tu, kwa sababu gharama ya kuzalisha ubaridi katika joto la Turkana ilizidi thamani ya samaki. Ghuba ya Ferguson ikakauka katika muongo huo huo, na mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, misaada ikakoma. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa kwa jua, yaani kwa njia ambayo wavuvi hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Hapana haja ya kuusukuma mlinganisho huu mbali sana. Itoshe kusema kwamba wenyeji wa mji huo wanazijua mashine zinazodumu kwa muda ambao mtu wa mbali ataendelea kuziwasha.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana sababu nyingine, ya ndani zaidi, ya kulichukia kufuli. Fasihi yake ya kale ipo leo kwa sababu ilinakiliwa. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728, haukufika katika vyumba vya mihadhara kwa kuhifadhiwa na mchapishaji. Al-Inkishafi ilipita mikononi mwa wanakili kwa takriban karne moja kabla ya kutokea katika vitabu vya wataalamu wa Kizungu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili kwa mkono wake tendi nyingi walizoagiza wataalamu hao, na sehemu kubwa ya kinachosomwa sasa katika hifadhi za London na kwingineko ni kazi ya kalamu za watu kama yeye. Mswada wa awali huliwa na mchwa, huloa, huungua, nakala huendelea. Hakuna mnakili aliyehitaji idhini ya duka lililoko bara jingine, wala mswada haukukoma kusomeka kwa kuwa mwenye duka amebadilisha biashara.

Sasa chukulia riwaya ya Kiswahili itakayotolewa kwa njia ya kielektroniki pekee, yenye kufuli, mwaka huu. Baada ya miaka 50, mtafiti wa tasnifu ataipata wapi? Kampuni iliyotoa ufunguo huenda haipo. Kifaa kilichoufahamu ufunguo huo kimekufa betri. Nakala zote elfu moja zilizouzwa zitakuwa zimekufa siku moja, jambo ambalo halijawahi kuukumba mswada wowote wa Lamu, kwani moto huteketeza nyumba moja na mchwa hula kabati moja.

Wapo watakaouliza kuhusu wizi, na wana haki ya kuuliza. Wachapishaji wa Kenya wanaumia. Vitabu teule hutolewa nakala haramu na kuuzwa barabarani, na faili za PDF za riwaya na tamthilia huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya walimu na wanafunzi, pengine pamoja na ya baadhi ya wasomaji wa jarida hili. Mwandishi wa Kiswahili, ambaye mrabaha wake hautoshi hata katika mwaka mzuri, hapaswi kuambiwa kwamba hilo ni dogo. Lakini ichunguzwe PDF yenyewe. Ina vivuli vya vidole pembeni, kurasa zimepinda, katikati pana mstari mweusi wa mshono. Ni picha ya karatasi. Mwizi hakuvunja kufuli lolote. Alinunua nakala moja ya chapa, au aliiazima, akaipiga picha. Kufuli la kidijitali linamzuia mtu mmoja tu, naye ni yule aliyelipa.

Na waliojaribu kuliondoa hawakufilisika. Tor, mchapishaji mkubwa wa fantasia na hadithi za kisayansi, aliondoa kufuli katika vitabu vyake vyote vya kielektroniki mwaka 2012. Mwaka uliofuata tawi lake la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la kutambulika la wizi. Baen alikuwa ameuza bila kufuli tangu 1999. Vitabu vya Harry Potter vilipotolewa kwa mara ya kwanza katika umbo la kielektroniki, Machi 2012, viliuzwa vikiwa wazi ili visomeke katika Kindle, Nook, Sony na vinginevyo, na badala ya kufuli vikatiwa alama fiche inayomtambulisha mnunuzi. Mwenye kazi inayoibwa sana duniani alichagua alama badala ya kufuli. Ni vigumu kuona kwa nini mchapishaji wa riwaya ya Kiswahili inayouza nakala mia chache aogope zaidi yake.

Sheria, kwa upande wake, imekaa na mwenye kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kukwepa kizuizi madhubuti cha kiteknolojia kuwa ukiukaji wa hakimiliki, na katika Ulaya mahakama ya juu ya Umoja iliamua Desemba 2019, katika kesi ya kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet, kwamba kitabu cha kielektroniki hakiwezi kuuzwa mitumba kama kitabu cha karatasi. Mwalimu anayefungua riwaya aliyoilipia ili aisome katika kifaa kipya baada ya kile cha zamani kuharibika yuko upande mbaya wa sheria. Anayepakua PDF ya wizi naye yuko upande huo huo, isipokuwa yeye hakutoa hata senti. Sheria inayowaweka wawili hawa kwenye benchi moja inamfundisha yule wa kwanza kuwa wa pili. Kwamba yaweza kulegezwa si ndoto: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na marekebisho ya mwaka 2019 yakawafungulia wasioona njia ya kupata vitabu katika maumbo wanayoweza kuyasoma. Njia hiyo ilipatikana kwa kuwa vyama vya wasioona viliidai.

Lipo pia suala la watu wanaohama. Kambi ya Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 na imewapokea watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Wengi wa hao wawili wa mwisho walifika wakiwa na Kiswahili chao. Baadhi wamehamishiwa Marekani au Kanada baada ya miaka mingi. Kitabu cha karatasi huachiwa jirani, na jirani akiondoka huachiwa mwingine.  Kitabu chenye kufuli hakiachiki. Huondoka na akaunti, na akaunti yenyewe ikibadilishiwa nchi hukutana na bei nyingine na orodha nyingine ya vitabu.

Ni kweli kwamba kwa sasa Kiswahili kimo pembeni mwa soko hili. Kwa miaka mingi orodha ya lugha ambazo Amazon huwakubalia waandishi wanaojichapishia imekuwa na Kiafrikana, Kiwelisi na hata Kikonwali, lugha ambayo wasemaji wake hawajai uwanja mmoja wa mpira, ilhali Kiswahili hakimo. Manung'uniko kuhusu hilo ni ya haki. Lakini kuachwa nje kumetoa nafasi ambayo haitakuwapo kwa muda mrefu: nyumba za uchapishaji za Nairobi na Dar es Salaam bado zaweza kuchagua zitakavyouza, kabla ya desturi ya kufuli kuwa ya kawaida hata isionekane. Kiolezo kipo karibu. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, hutoa hadithi za watoto kwa leseni huria. Za Kiswahili zimo, za Kiturkana zimo, na yeyote aweza kuzipakua, kuzichapa na kuzitafsiri. Riwaya ya mtu mzima haiwezi kutolewa bure, na haipaswi. Yaweza kuuzwa kwa shilingi 200, kwa M-Pesa, ikiwa wazi, na jina la mnunuzi likiwa limeandikwa katika ukurasa wa kwanza, jambo ambalo wasomaji wengi wangelipenda kuliko kulichukia.

Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi wake haviwezi kuwaamuru wachapishaji. Vyaweza kuuliza, kila mara mhariri wa nyumba ya uchapishaji anapoalikwa katika kongamano, kama toleo la kielektroniki lina kufuli na litasomwaje siku kampuni ikifungwa. Vyaweza pia kuanza na majarida yao wenyewe, ambayo mengi yamebaki karatasi katika kabati za viongozi waliokwisha kuhitimu. Toleo zima katika faili la EPUB ni dogo kuliko picha chache za simu. Mahali ambapo mtandao hautoshi, huenda kwa basi hadi Lodwar katika kadi ya kumbukumbu, na kutoka hapo kwa pikipiki hadi Kalokol, na kila anayelipokea humnakilia wa pili.